Kuwasha Redio ya Gari Isiyo na Spika: Mwongozo Kamili

Anayenunua redio ya gari iliyotumika, iwe kwa muuzaji wa vipuri mjini Arusha au mezani kwa fundi wa Majengo huko Moshi, mara nyingi huambiwa jambo moja anapoomba iwashwe aione: haiwezi kuwashwa bila spika, itaungua. Basi hulipa bila kuona hata taa yake ikiwaka, na siku ya kuifunga ndipo anapogundua kwamba kioo chake hakisomeki au upande mmoja hautoi sauti. Maneno hayo si ya kweli kwa redio ya gari ya zama hizi, na yamewapotezea watu wengi fedha zao. Redio ya gari inaweza kuwashwa mezani au ndani ya gari bila spika hata moja, ikaachwa ikiwaka mchana kutwa, na haitadhurika kwa kukosa spika. Kinachoiunguza ni kitu kingine kilicho karibu sana na hicho, nacho ni ncha za nyaya za spika zilizoachwa wazi zikagusana au zikagusa bodi ya gari. Karibu kila hatua iliyoelezwa hapa chini inatokana na tofauti hiyo.

Wanaohitaji kufanya hivi ni wengi. Mmoja anataka kuijaribu redio kabla ya kuinunua. Mwingine ameitoa redio ya Kijapani kwenye Noah au IST yake, kwa kuwa masafa ya FM ya Japani huanzia megahezi 76 na redio nyingi za zamani za huko hukomea 90, ilhali stesheni zetu hutangaza kati ya 87.5 na 108. Sasa anataka kuhakikisha kwamba aliyoipata badala yake ni nzima. Dereva wa gari la watalii, ambaye vumbi la hifadhini limekwisha kula spika zake zote, bado anaihitaji redio kwa ajili ya kamera ya nyuma, saa na tundu la USB la kuchajia simu. Yupo pia aliye nyumbani Njiro, mwenye betri ya sola, anayetaka redio ya gari ipeleke sauti kwenye sabufa yake.

Kwa nini kukosa spika hakuidhuru redio

Ndani ya redio kuna amplifaya ndogo, ambayo kwa kawaida ni chipu moja iliyobanwa kwenye bati la ubavuni au la nyuma ili bati hilo liondoe joto. Chipu hiyo ina milango minne ya sauti: mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kushoto na nyuma kulia. Inachotoa ni volti. Mkondo wa umeme hutiririka pale tu panapokuwa na njia ya kupita, na njia hiyo ni koili ya spika, ambayo kwa magari mengi ina ukinzani wa omu 4. Spika ikiondolewa, njia haipo, mkondo haupiti, na chipu hubaki na kazi ndogo kuliko iliyokuwa nayo. Ni kama bomba la maji lililofungwa koki: msukumo upo, lakini hakuna kinachotoka. Ukiishika redio iliyowashwa bila spika kwa saa nzima utahisi uvuguvugu tu, kwa kuwa chipu hula mkondo kidogo hata ikiwa haipigi sauti yoyote. Joto kali linalotokea redio inapopigwa kwa sauti ya juu halitakuwapo.

Hofu ya mafundi wazee haikutoka hewani. Amplifaya za zamani zilizotumia vali za kioo zilipeleka sauti kwenye spika kupitia transfoma, na amplifaya ya namna hiyo ikipigwa kwa nguvu bila spika, volti ndani ya transfoma huweza kupanda mno hadi ikatoboa kinga ya nyaya zake. Aliyejifunza kazi kwa vifaa hivyo alikuwa na haki ya kuonya. Redio ya gari yenye chipu haina transfoma ya namna hiyo kwenye njia ya spika, kwa hiyo onyo lile haliihusu. Kwa sababu hiyo sioni haja ya kufunga rezista za omu 4 badala ya spika, kama wengine wanavyoshauri. Rezista hizo huzipa nyaya njia ya mkondo ambayo haikuwapo, huifanya chipu ifanye kazi bure, na zenyewe huchemka kiasi cha kuunguza plastiki iliyo karibu.

Hatari iko wapi

Watu wengi hudhani kwamba kila spika ina waya mmoja wa sauti na waya mwingine ambao ni ethi ya kawaida, yaani unaoungwa na bodi ya gari na hasi ya betri. Katika redio za gari za leo sivyo. Ili kupata nguvu ya kutosha kutoka kwenye volti 12 tu, kila mlango wa sauti umetengenezwa kwa amplifaya mbili zinazosukumana, moja kwenye waya wa chanya na nyingine kwenye waya wa hasi. Nyaya zote mbili zina umeme, na redio ikiwa imewashwa, hata ikiwa kimya kabisa, kila mmoja wao hukaa kwenye takriban nusu ya volti za betri, yaani kama volti 6 hivi kutoka kwenye ethi. Spika haioni kitu kwa sababu volti za pande zake mbili ni sawa.

Kwa hiyo waya wa spika ulioandikwa hasi si ethi. Ukigusa bodi ya gari, umeme hutoka kwenye chipu moja kwa moja hadi kwenye ethi bila kizuizi chochote. Ukigusa waya wa spika nyingine, amplifaya mbili hupigana. Chipu nyingi zina kinga inayozima sauti na kuandika neno kama PROTECT kwenye kioo, lakini kinga hiyo haina uwezo wa kuokoa kila mara, hasa mguso ukirudiwarudiwa kwa mtikisiko wa barabara mbovu.

Nililijifunza hili kwa hasara. Miaka kadhaa iliyopita niliacha gari kwa fundi mmoja aondoe spika za milango ili zikarekebishwe. Ili kazi ionekane nadhifu, alizikusanya nyaya zote nane, akazipindapinda pamoja na kuzizungushia tepu moja nene. Redio iliwaka kwa dakika chache, kisha ikatoa harufu ya kuungua na isizungumze tena. Nilipomuuliza, alijibu kwa uhakika kabisa kwamba imekufa kwa kukosa spika. Ni tepu ile moja iliyoiua, na ndiyo sababu ninasisitiza nyaya nane zizibwe mara nane.

Hatua ya kwanza: vifaa

Huhitaji vingi. Tafuta mita ya umeme ya tarakimu, hata ile ya bei ndogo. Koleo la kukatia waya. Tepu nyeusi ya umeme iliyo mpya, kwa kuwa ya zamani hupoteza gundi. Konekta za plastiki zenye skrubu, zile zinazotumiwa na mafundi wa umeme wa nyumba. Vishikizo vya fyuzi viwili, pamoja na fyuzi za ampia 3 na nyingine zenye ukubwa ulioandikwa nyuma ya redio, ambao aghalabu ni 10 au 15. Na balbu moja ya taa ya breki yenye wati 21 pamoja na kishikio chake. Vua saa ya chuma na pete kabla ya kuikaribia betri, kwa sababu chuma kikiunganisha ncha mbili za betri huwa chekundu kwa moto mara moja kikiwa bado kidoleni.

Hatua ya pili: kuzitambua nyaya

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Redio inayouzwa peke yake, yaani isiyo ya kiwandani, huja na soketi yenye nyaya ambazo rangi zake zimezoeleka karibu kwa watengenezaji wote. Waya wa njano ni wa umeme wa kudumu kutoka kwenye betri, nao hulinda saa na stesheni ulizohifadhi. Mwekundu hupata umeme ufunguo unapofikishwa kwenye ACC, ile nafasi ya kabla ya kuwasha injini, na ndio unaoiamuru redio iwake. Mweusi ni ethi. Wa bluu huamsha eriali ya umeme, na wa bluu wenye mstari mweupe huamsha amplifaya ya nje. Katika baadhi ya redio kazi zote mbili hufanywa na waya mmoja. Wa rangi ya chungwa hupunguza mwanga wa kioo taa za gari zinapowashwa.

Zinazobaki ni nyaya nane za spika, ambazo zimepangwa mbilimbili: mweupe na mweupe wenye mstari mweusi kwa mbele kushoto, wa kijivu na mwenzake mwenye mstari mweusi kwa mbele kulia, wa kijani na mwenzake kwa nyuma kushoto, wa zambarau na mwenzake kwa nyuma kulia. Wenye mstari mweusi ndio hasi ya spika, na nirudie kwamba hasi ya spika si ethi.

Rangi hizo ni za upande wa redio tu. Nyaya za gari lenyewe zina utaratibu wake, na kwa Toyota, ambazo ndizo nyingi katika barabara zetu, utaratibu huo unaweza kukuponza. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990 na 2000, umeme wa kudumu uko kwenye waya wa bluu wenye mstari wa njano, umeme wa ufunguo uko kwenye waya wa kijivu, na ethi ni waya wa kahawia. Waya wa njano na mweusi katika magari hayo ni wa spika ya nyuma kushoto. Mwekundu na mweupe ni wa spika ya nyuma kulia. Angalia matokeo yake: mtu aliyekata soketi ya gari, kisha akaunganisha rangi na rangi, atakuwa amepeleka umeme wa ufunguo, kupitia waya wa kijivu, moja kwa moja kwenye mlango wa sauti wa mbele kulia wa redio yake. Kama unaweza kupata soketi ya kati, ile yenye upande mmoja unaoingia kwenye gari na upande mwingine wa kuungia redio, inunue na usikate chochote. Ni fedha kidogo sana ukilinganisha na redio.

Usiamini rangi peke yake hata ukiwa na uhakika nazo. Weka mita kwenye volti za mkondo mnyoofu (DC), kipimo cha 20, ncha nyeusi ikiwa kwenye bodi ya gari. Waya wa kudumu utasoma takriban 12.5 hata ufunguo ukiwa umetolewa. Waya wa ufunguo utasoma sifuri, na utafika volti hizo utakapozungusha hadi ACC. Kwa ethi, zima kila kitu, geuza mita ipime omu, na uone kama usomaji kati ya waya huo na bodi unakaribia sifuri.

Hatua ya tatu: kuziziba nyaya nane

Kama unafanya kazi ndani ya gari, chomoa kwanza ncha ya hasi ya betri. Magari mengine yenye redio za kiwandani hudai namba ya siri umeme unaporudishwa, kwa hiyo hakikisha unayo kabla ya kuchomoa.

Njia iliyo bora kuliko zote ni kutozigusa kabisa nyaya za spika. Iwapo soketi ya redio imegawanyika sehemu mbili, moja ya umeme na nyingine ya spika, kama zilivyo soketi za mtindo wa ISO, acha ile ya spika bila kuchomekwa. Pini zitabaki ndani ya plastiki ya redio bila kugusana na chochote, na hatua hii itakuwa imekwisha kabla ya kuanza.

Iwapo nyaya zote zimo katika soketi moja, shughulika na kila waya peke yake. Kata sehemu ya shaba iliyo wazi ili ncha ibaki ndani ya plastiki yake, na uzikate kwa urefu tofauti, huu ukiupita mwenzake kwa sentimita moja au mbili, ili hata tepu ikilegea siku moja ncha zisikutane. Zungushia kila ncha tepu mara tatu au nne, ikunje tepu ipite juu ya ncha, kisha izungushe tena kurudi chini. Mpira mwembamba unaosinyaa kwa joto ni bora zaidi, kwa sababu gari lililoachwa juani huyeyusha gundi ya tepu. Au ingiza kila waya katika tundu lake kwenye konekta ya plastiki na kukaza skrubu. Njia hii ninaipenda kwa sababu siku utakapopata spika kila kitu kitakuwa tayari. Baada ya hapo ndipo unapoweza kuzikusanya pamoja na kuzifunga kwenye waya mkubwa wa redio, ili zisininginie karibu na vyuma vya dashibodi.

Hatua ya nne: umeme wa kuiwashia

Ndani ya gari jambo hili limeshatatuliwa. Mezani, chanzo rahisi ni betri ya gari au ya sola ya volti 12. Betri iliyojaa na kutulia husoma kati ya 12.6 na 12.8, gari linapounguruma volti hupanda hadi kama 14.4, na redio zimetengenezwa kuhimili kiwango hicho. Redio ya kawaida isiyo na spika hula takriban nusu ampia hadi ampia moja na nusu, na zile zenye kioo kikubwa cha Android hula zaidi, hasa zinapoanza kuwaka. Betri ndogo ya ampia-saa 7, ikitoa ampia moja, nisingependa itumike zaidi ya saa tatu na nusu, kwa kuwa betri ya risasi ikishushwa chini ya nusu mara kwa mara hufa mapema.

Wengi hutumia pawasapulai ya kompyuta ya mezani, na inafaa, mradi rangi zisikuchanganye. Katika pawasapulai hiyo waya wa njano ndio wenye volti 12, mweusi ni hasi, na mwekundu una volti 5 tu. Ukiunganisha mwekundu na mwekundu, redio haitawaka, na utaondoka ukiamini ni mbovu. Waya wa njano na ule mwekundu wa redio, vyote viwili, viende kwenye njano ya pawasapulai. Ili ianze kufanya kazi bila kompyuta, unganisha waya wake wa kijani na mmoja wa ile myeusi.

Vyanzo viwili nataka uviepuke kabisa. Paneli ya sola inayoitwa ya volti 12 hutoa zaidi ya volti 20 jua linapowaka na hakuna mzigo, kwa hiyo redio ichukue umeme kwenye betri, kamwe isiungwe moja kwa moja kwenye paneli. Na malori mengi, pamoja na mabasi makubwa, yana betri mbili zilizofungwa mfululizo zenye volti 24. Humo lazima uweke kifaa cha kushusha volti hadi 12. Kuchukua umeme katikati ya betri hizo mbili huonekana ni njia ya mkato, lakini betri moja huchoka kuliko mwenzake na zote mbili huharibika.

Hatua ya tano: kuiwasha mara ya kwanza

Unganisha waya mweusi wa redio na hasi ya betri kabla ya waya mwingine wowote. Kisha unganisha wa njano na mwekundu pamoja, uzipitishe kwenye fyuzi ya ampia 3 na kwenye ile balbu ya taa ya breki, ndipo uzipeleke kwenye chanya ya betri. Balbu hiyo ni mlinzi. Ikiwaka kwa mwanga wake wote, kuna shoti ndani ya redio au kwenye nyaya, nayo balbu imeuzuia mkondo usiharibu zaidi. Chomoa mara moja na uanze kutafuta kosa. Ikibaki gizani au ikiwa na wekundu hafifu, hali ni njema. Iondoe, unganisha moja kwa moja kupitia fyuzi, na ubonyeze kitufe cha kuwashia. Usiiache balbu wakati wa matumizi, kwa sababu inapunguza volti na redio yenye kioo kikubwa itakuwa ikizima na kuwaka.

Jaribu kila kitufe, tundu la USB na Bluetooth. Kwa eriali ya muda, waya wa kawaida wenye urefu wa sentimita 75, ukichomekwa katikati ya tundu la eriali bila kugusa ukingo wake, unatosha kunasa stesheni za FM za mjini.

Kama redio itakaa nyumbani, usiweke swichi itakayokata nyaya zote mbili. Waya wa njano ubaki na umeme wakati wote kupitia fyuzi yake, na swichi iwe kwenye mwekundu peke yake. Redio inayosahau saa na stesheni kila inapozimwa kwa kawaida si mbovu, bali nyaya hizi mbili zimebadilishana nafasi au zimekatwa pamoja. Ndani ya gari kosa la kinyume chake ni baya zaidi: zote mbili zikiungwa kwenye umeme wa kudumu, redio ikisahauliwa ikiwaka usiku kucha kwa saa 10, ikila ampia moja, imechukua ampia-saa 10, karibu robo ya betri ya ampia-saa 45. Katika asubuhi za baridi za Juni na Julai hapa chini ya Mlima Meru, betri iliyochoka haitakubali kuwasha injini baada ya hapo.

Hatua ya sita: kuipima sauti bila spika

Kuwaka si ushahidi kwamba amplifaya ni nzima, na hapa mita hukuambia mambo ambayo hata spika ingekuambia kwa kuungua yenyewe. Redio ikiwa imewashwa na sauti ikiwa imeshushwa hadi sifuri, weka ncha nyeusi ya mita kwenye ethi, na kwa ncha nyekundu gusa waya wa spika mmoja baada ya mwingine, kwa uangalifu usije ukaunganisha mbili. Kila mmoja usome takriban nusu ya volti za betri. Kwa betri ya 12.6 tarajia kama 6. Namba kamili hutofautiana kati ya redio na redio, lakini zote nane zinapaswa kukaribiana.

Sasa pima kati ya chanya na hasi ya kila spika. Usomaji uwe sifuri au karibu yake. Ukiona zaidi ya volti 0.1 mimi huiacha redio hiyo kwa muuzaji. Ukikuta volti 6 kati ya nyaya mbili, upande mmoja wa mlango huo umekufa, na spika yoyote ya omu 4 utakayoifunga hapo itapitisha ampia 1.5 bila kukoma, sawa na wati 9 za joto tupu ndani ya koili, hata muziki ukiwa umezimwa. Spika ndogo ya mlangoni haiwezi kustahimili hali hiyo kwa muda mrefu. Redio ya namna hii bado inaweza kutumika kwa nyaya za RCA, zile zinazopeleka sauti kwenye amplifaya ya nje, na bei yake inapaswa kulingana na ukweli huo.

Ukikuta sifuri kati ya ethi na nyaya zote nane, usiihukumu haraka. Baadhi ya redio zina mpangilio wa kuizima amplifaya ya ndani, na aliyekuwa nayo kabla yako huenda aliutumia.

Hatimaye geuza mita ipime volti za mkondo geu, zile zenye alama ya wimbi. Piga kutoka kwenye USB mlio mmoja usiobadilika wa hezi 50 au 60, weka ncha za mita kwenye chanya na hasi za spika moja, na upandishe sauti taratibu. Namba ipande kwa utulivu kutoka sifuri hadi volti kadhaa. Rudia kwa milango minne, ukiwa umeweka mizani ya kushoto na kulia, mbele na nyuma, katikati. Mlango unaobaki nyuma ya wenzake kwa tofauti kubwa una kasoro. Bila mlio huo, muziki wa kawaida utafanya namba zirukeruke, lakini bado utajua kama sauti ipo.

Kuipeleka sauti kwenye sabufa

Matundu ya RCA yaliyo nyuma ya redio hutoa sauti isiyokuzwa, na hayategemei spika hata kidogo. Tumia yale ya mbele au ya nyuma kwa muziki wote, na lile la sabufa kwa besi peke yake. Redio na amplifaya zizimwe unapochomeka. Ndani ya gari, waya wa bluu wenye mstari mweupe uende kwenye tundu la kuamshia amplifaya. Waya huo ni wa kutoa ishara tu, na anayeutumia kuendesha feni au taa ataua sehemu ndogo ndani ya redio. Kama redio ina mpangilio wa kuizima amplifaya ya ndani, utumie sasa, nayo redio itakuwa na baridi zaidi na kelele zitapungua.

Usichukue sauti kwenye nyaya za spika na kuipeleka kwenye tundu la kuingizia la sabufa ya nyumbani. Tundu hilo lina ethi, na ethi hiyo itaivuta hasi ya spika, ikawa shoti ile ile niliyoieleza juu. Iwapo redio haina RCA, tumia kigeuzi maalumu chenye transfoma ndogo ndani, kinachouzwa kwa kazi hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo, hedifoni zisifungwe kwenye nyaya za spika: waya wao wa kati ni mmoja kwa masikio yote mawili, nao utaziunganisha hasi za kushoto na kulia.

Ukisikia mlio mwembamba unaopanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini, angalia ethi kwanza. Redio na amplifaya zichukue ethi kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, na nyaya za RCA zipite upande mwingine wa gari, mbali na waya mkubwa wa umeme.

Gari linalotembea bila spika

Redio iliyofungwa bila spika itaonyesha picha ya kamera ya nyuma, saa na ramani, na itachaji simu. Simu za Bluetooth usizipokee humo: aliyekupigia atakusikia kupitia maikrofoni, lakini sauti yake itakwenda kwenye spika zisizokuwapo. Zima muunganisho wa simu, vinginevyo utajikuta kila mara unapapasa simu ukiwa barabarani, jambo lililo hatari kuliko redio yoyote iliyoungua. Katika baadhi ya magari mapya, milio ya onyo ya mkanda, mlango na hata ya taa za kuashiria kona hupitia spika za redio. Katika magari hayo acha walau spika moja ya mbele ikiwa nzima. Redio nyingine za kiwandani zitaandika kwamba spika haipo, na hiyo ni taarifa tu.

Siku utakapozirudisha spika, pima kila moja kwa omu kabla ya kuiunga. Ya omu 4 husoma kati ya 3 na 4 kwenye mita. Inayosoma chini ya 2 au isiyosoma kabisa iache nje. Kisha pima kati ya kila waya wa spika na bodi ya gari, ambako hakupaswi kuwa na muunganiko wowote. Kipimo hiki kisirukwe hasa katika magari makuukuu kama Hiace zinazofanya kazi ya kifodi, yaani daladala, ambazo huenda zimepitia mikono ya mafundi wengi, kwa sababu humo unaweza kukuta hasi za spika zote zimefungwa kwenye bodi kwa mtindo wa redio za zamani. Ukizikuta hivyo, pitisha nyaya mpya mbili kwa kila spika kutoka kwenye redio hadi mlangoni kabla hujawasha.